“Kukimbia urais” ni kuutoroka: barua kwa meza za habari kuhusu neno “run”

Mhariri,

Tunakuandikia kuhusu neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu, “run”, na namna linavyoziharibu habari zinazotafsiriwa harakaharaka kutoka mashirika ya nje. Kasoro hii haiko kwenye gazeti moja. Imo redioni, imo kwenye maandishi yanayopita chini ya picha za televisheni, na imezidi katika habari zinazopitishwa kwenye programu za kutafsiri kisha zikachapwa kabla ya mtu kuzisoma. Kazi yetu ni kutafsiri na kufundisha tafsiri. Tungependa kueleza kosa hili linaanzia wapi na linazuiwa vipi, kwa sababu kulizuia kunataka dakika chache tu kwa kila habari.

Tuanze na lililo baya kuliko yote: “kukimbia urais”, na ndugu yake “kukimbia uchaguzi”. Kitenzi “kimbia”, kikifuatwa moja kwa moja na nomino kama hizo, maana yake ni kukwepa au kutoroka. Aliyekimbia vita ameviacha nyuma. Aliyekimbia madeni hakulipa. Aliyekimbia umande hakusoma. Msomaji anayekutana na “Seneta huyo anakimbia urais” anafuata sarufi ya lugha yake, na anaelewa kwamba seneta ameuogopa urais na kuuacha. Habari imesema kinyume chake kabisa, na hakuna alama yoyote ya kumwonya kwamba kuna kosa. Neno lililokosewa tahajia msomaji hulirekebisha mwenyewe kichwani. Sentensi iliyonyooka kisarufi lakini yenye maana iliyogeuzwa huiamini.

Tarehe 2 Agosti 1927 Rais Calvin Coolidge wa Marekani, akiwa mapumzikoni katika jimbo la South Dakota, aliwagawia waandishi wa habari vipande vya karatasi vyenye sentensi moja: “I do not choose to run for President in nineteen twenty-eight.” Itafsiri kwa “kimbia” upate “Sichagui kukimbia urais mwaka 1928”. Hapo Rais anaonekana kusema kwamba hautoroki urais, yupo na ataendelea kuwapo. Kumbe alikuwa anaaga. Chama chake cha Republican kikamsimamisha Herbert Hoover, naye akashinda uchaguzi wa Novemba 1928. Kiswahili chake ni “Sikusudii kugombea urais mwaka 1928”. Wamarekani wenyewe walibishana wakati ule kuhusu “choose”, wengine wakidhani ameacha mlango wazi, lakini kuhusu “run” hakuna aliyebishana.

Neno letu la kazi hiyo lipo na linatosha: gombea. Limetoka kwenye “gomba”, yaani kuzozana, kwa hiyo kugombea kitu ni kukizozania, kila mmoja akikitaka. “Wania” nalo linafaa, na kadhalika “kuingia kwenye kinyang’anyiro”. Waingereza husema mtu “anasimama” kwenye uchaguzi pale Wamarekani wanaposema “anakimbia”, kwa hiyo habari ya London na habari ya Washington hufika mezani na vitenzi tofauti kwa jambo lilelile. Kwetu zote ni kugombea. Nomino “mbio” haina tatizo. “Mbio za urais” imezoeleka na haimpotoshi mtu, kwa kuwa mbio ni mashindano tayari. Kinachopotosha ni kitenzi “kimbia” kikishabeba nomino mbele yake.

Katika ukoo huohuo wa uchaguzi kuna maneno mengine matatu ya kuyaangalia. “Running mate” ni mgombea mwenza, istilahi iliyokaa vizuri Tanzania na Kenya. Kenya wanaye mgombea mwenza kwa mujibu wa Ibara ya 148 ya Katiba ya mwaka 2010, na Tanzania utaratibu huo umetumika tangu uchaguzi wa 1995. Programu ikileta “mwenza wa mbio”, ifutwe. Ni kweli kwamba Waingereza na Wamarekani walilichukua neno lao kwenye mbio za farasi, ambako farasi wa pili wa zizi lilelile aliingizwa uwanjani kumwekea mwendo yule anayetarajiwa kushinda, lakini msomaji wetu hahitaji farasi huyo. “Runner-up” ni mshindi wa pili, au aliyeshika nafasi ya pili kama ni uchaguzi, maana kwenye uchaguzi wa rais mshindi ni mmoja.

La tatu ndilo linalochanganywa mno: “runoff” na “rerun”. “Runoff” ni duru ya pili, baina ya wagombea wawili wa juu, pale ambapo wa kwanza hakufikisha kiwango kinachotakiwa. Katiba ya Kenya, Ibara ya 138, inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosekana, duru ya pili hufanyika ndani ya siku 30. “Rerun” ni uchaguzi wa marudio, kwa sababu ule wa kwanza umefutwa au umeharibika. Kilichofanyika Kenya tarehe 26 Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kuufuta tarehe 1 Septemba uchaguzi wa 8 Agosti, kilikuwa marudio. Anayekiita duru ya pili anasema kwamba hakuna aliyefikisha kura mwezi Agosti, jambo ambalo Mahakama haikulisema.

Uzito wa neno hili unajulikana hata kwao. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya, matokeo yakajulikana mwaka 2011, walifikisha maana 645 za kitenzi pekee, na Peter Gilliver aliyelishughulikia alitumia kiasi cha miezi tisa. Katika toleo la kwanza la kamusi hiyo, lililokamilika mwaka 1928, neno lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa “set”. Hakuna mwandishi anayeweza kukariri maana 645, na hana haja.

Sababu ya kutapanyika huku ni ya kihistoria, na tunadhani Mswahili huielewa upesi kuliko Mwingereza. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana sana kimatamshi: kimoja cha kwenda mbio au kutiririka, kingine cha kukifanya kitu kiende mbio au kitiririke. Kijerumani bado kinavyo viwili, “rinnen” kwa maji na “rennen” kwa miguu, ingawa maana zake zimesogea. Katika Kiingereza, kwa msukumo wa lugha ya walowezi kutoka Skandinavia, viliungana vikawa kimoja. Tangu hapo neno moja linabeba kile kinachokwenda pamoja na yule anayekiendesha, bila alama ya kuwatofautisha. Kiswahili kina alama hiyo mwishoni mwa kitenzi: kimbia na kimbiza, enda na endesha, pita na pitisha, tiririka na tiririsha. Mwenge wa Uhuru hukimbizwa. Hatusemi vijana wanaukimbia Mwenge, maana hapo wangekuwa wanautoroka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kamusi, mtafsiri ajiulize: ni kitu gani hapa kinachosogea, na je, kuna anayekisogeza? Kama kitu kinajiendea chenyewe, atafute kitenzi cha kawaida. Kama kuna mtu anayekisababisha, atafute chenye -sha au -za, au kitenzi kingine kabisa cha usimamizi. Kisha atazame kilichofuata baada ya “run”. Kikifuatwa na vile vineno vifupi, “out”, “over”, “into”, “for”, “down”, aviangalie viwili kwa pamoja kama neno moja, kwa sababu “run” peke yake hapo haina msaada. Halafu apime kama ni tukio au desturi. “The bus ran off the road” ni tukio, basi liliacha njia. “The bus runs on Sundays” ni desturi, basi husafiri Jumapili, na hiyo “hu-” ya Kiswahili ndiyo inayobeba ujumbe. Mwisho aifunike sentensi ya Kiingereza, asome ya Kiswahili peke yake na kujiuliza mtu asiyejua Kiingereza ataelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo iliyotakiwa kuinasa “kukimbia urais”.

Panapoumiza watu zaidi ni kwenye habari za mahakama. Mshtakiwa ametiwa hatiani kwa makosa matatu na kuhukumiwa miaka 5, miaka 3 na miaka 2. Hukumu ya Kiingereza inamalizia na maneno matatu: “to run concurrently” au “to run consecutively”. La kwanza maana yake adhabu zinatumikiwa kwa pamoja, zote zikianza siku moja, hivyo atakaa gerezani miaka 5, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. La pili maana yake zinatumikiwa moja baada ya nyingine, atakaa miaka 10. Mwandishi akiliruka neno hilo, au akaandika “adhabu zitakimbia pamoja” na mhariri asielewe akalikata, kinachobaki ni kujumlisha, na kichwa cha habari kinatoka “Jela miaka 10” kwa mtu aliyefungwa miaka 5. Familia yake inaisoma, jirani zake wanaisoma. Tunashauri kila habari ya kifungo chenye zaidi ya kosa moja iwe na sentensi kamili inayotaja muda mtu atakaokaa: “Adhabu hizo zitatumikiwa kwa pamoja, hivyo atatumikia miaka 5.”

Mahakamani hapohapo kuna “interest runs from”, ambayo ni riba inahesabiwa kuanzia tarehe fulani, na “time begins to run”, muda unaanza kuhesabiwa. Neno “hesabiwa” ndilo ufunguo. Muda wa kukata rufaa haukimbii. Unahesabiwa, na mtu anatakiwa ajue unahesabiwa kuanzia siku ya hukumu au siku aliyopata nakala. Mkataba nao “runs for five years”: una muda wa miaka mitano. Wengine huandika “unakwenda miaka mitano”, na sisi hatuna ugomvi na hilo, mradi tarehe ya kuanza na ya kwisha zitajwe.

Maji yana mtego wa aina yake. Ripoti za mashirika hutumia “running water” kwa maana mbili zisizofanana. Kwenye takwimu za makazi, nyumba isiyo na “running water” ni nyumba isiyo na maji ya bomba. Kwenye maelekezo ya afya, kunawa kwa “running water” ni kunawa kwa maji tiririka, yaani maji yanayomwagika mikononi na kwenda zake, badala ya kuchovya mikono wote kwenye beseni moja. Kaya inaweza kukosa ya kwanza na kuwa nayo ya pili: kibuyu chirizi, kile kidumu chenye tundu kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba, kinatoa maji tiririka kamili mahali ambapo bomba halijafika. Anayeandika “nawa kwa maji ya bomba” anamwambia mtu wa kijijini kwamba hawezi kunawa ipasavyo, kumbe anaweza. Na anayeandika “asilimia kadhaa ya kaya hazina maji tiririka” amebadilisha takwimu.

Mto “unapita” mahali au “unatiririka” kuelekea mahali. Bomba liko wazi, maji yanatoka. Kisima kimekauka. Rangi ya kitenge “ikirun” inachuja, na muuza kanga yeyote atakuambia hii haichuji. Pua inatoka kamasi. Tumbo ni jambo la kuangalia zaidi, kwani Kiingereza cha Afrika Mashariki husema “running stomach” kwa kuhara, na Kiswahili cha mitaani husema mtoto “anaendesha”. Kwa sababu hiyo tusiliache “anaendesha” peke yake bila kusema anaendesha nini, hasa kwenye kichwa cha habari ambako maneno yanakatwa ili nafasi itoshe. Hospitalini dripu “inakwenda”, hivyo ndivyo wauguzi wanavyosema, na agizo la mililita 1,000 “to run over eight hours” ni ziishe kwa saa 8. Kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, hiyo ni kama matone 42 kwa dakika. Kwenye maandishi ya afya namba na neno “ziishe” viende pamoja, maana “over” ikisomwa kama “baada ya” mtu ataelewa dripu ifunguliwe saa 8 zikishapita.

Kwa mitambo, “run” mara nyingi ni kufanya kazi tu. Jenereta inafanya kazi, au inawaka. Gari limeachwa likiwaka, au injini haikuzimwa. Gari “runs on diesel”: linatumia dizeli. Hapa wengi huvutwa na “endesha” wakaandika “gari linaendeshwa na dizeli”, nasi tunalipinga kwa sababu gari huendeshwa na dereva. Programu ya kompyuta inaweza kuendeshwa bila shida, neno limeshazoeleka, na ikiwa imewashwa na iko kazini tunasema inafanya kazi. “Run a test” ni kupima, basi. “Kuendesha vipimo” ni mzigo usio na faida.

“Run out of” inadai uangalifu wa njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. Kiswahili kina kitenzi kizuri sana, “ishiwa”: tumeishiwa sukari, gari limeishiwa mafuta. Kiingereza “is running out” kinasema bado kipo kidogo, “has run out” kinasema hakuna. Tukiandika “hospitali imeishiwa dawa” pale chanzo kiliposema “is running out”, tumetangaza janga ambalo halijafika. “Dawa zinakaribia kwisha” ni wazi na haibishaniwi. Muda nao unayoyoma, au unatuishia.

Habari za ajali zina tofauti ambazo Kiingereza hakizionyeshi na Kiswahili kinazidai. “Run over” inaweza kuwa kugonga au kukanyaga. Kugongwa ni kupigwa na gari; kukanyagwa ni magurudumu kupita juu ya mwili. Polisi na madaktari wanajua tofauti hiyo, na mwandishi aulize. “Ran into” ni kugonga kama kilichogongwa kimesimama, ni kugongana kama vyote viwili vilikuwa kwenye mwendo. “Ran a red light” ni kupita taa nyekundu. “Hit-and-run” ni dereva aligonga na kukimbia, na hapo, kwa mara moja, “kimbia” ndilo neno lenyewe, kwa kuwa ametoroka.

Baharini, “ran aground” hutafsiriwa “ilikimbia ardhini”, na tunasikitika kwamba pwani yenye msamiati wa vyombo uliokamilika hivi inasomeshwa maneno hayo. Chombo kilichogonga mwamba kimepanda mwamba. Kilichokwama kwenye mchanga kimekwama fungu. Kilichoachwa na maji yaliyokupwa kimepwelewa, na hicho huelea tena maji yakijaa, kwa hiyo hakihitaji kuvutwa na tagi, ile meli ndogo ya kuvuta vyombo, wala taharuki. Hali tatu, hatari tatu tofauti, na Kiingereza kinaweza kuzifunika zote kwa maneno mawili.

Katika biashara “endesha” lina haki yake. Mtu anaendesha kampuni, gharama za uendeshaji zimepanda. Lakini lisitumike kila mahali. “She runs a shop in Kariakoo” ni ana duka Kariakoo, isipokuwa chanzo kinaonyesha kwamba duka ni la mtu mwingine, na hapo anasimamia duka. Kumiliki, kuongoza, kusimamia na kuendesha ni vitu vinne, na kwenye habari ya ubadhirifu kimoja kikikaa mahali pa kingine mtu asiyehusika anaingizwa kwenye lawama. Gazeti nalo “runs a story”. Gazeti huchapa habari, haliiendeshi.

Benki inataka herufi mbili tu zikae sawa. “A run on the bank” ni wateja kukimbilia benki kutoa amana zao kwa hofu kwamba itafilisika. “Kukimbilia” na “kukimbia” zinaelekea pande mbili: aliyekimbilia benki yuko mlangoni anadai fedha, aliyeikimbia benki hayupo tena. Na siku hizi hata mlango hauhitajiki. Tarehe 9 Machi 2023 wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao kwa simu na kompyuta, na kesho yake benki ikafungwa na mamlaka za serikali. Kwa habari kama hiyo “wimbi la wateja kutoa amana” linaeleza vizuri zaidi, maana hakuna picha ya foleni wala ya miguu.

Kwenye kriketi “run” ni kipimo cha alama. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kudunda chini, timu inapata 6 bila mpigaji kulazimika kukimbia. “Mikimbio” inafaa kama istilahi mradi habari imweleze msomaji mara moja kwamba ni alama.

Yako mengi yanayotafsirika kwa neno moja, na hayo hayafai kutupotezea muda: “five days running” ni siku tano mfululizo, “in the long run” ni hatimaye, “run late” ni kuchelewa, “run a fever” ni kuwa na homa, “feelings ran high” ni hasira zilipanda, “run-of-the-mill” ni ya kawaida, “in the run-up to the election” ni kuelekea uchaguzi. Fundi cherehani akiambiwa “running stitch” atapiga bandi. “Still waters run deep” tunayo tangu zamani, kimya kingi kina mshindo mkuu, ingawa methali yetu inabeba onyo zaidi kuliko ile ya Kiingereza na haifai pale mtu anaposifiwa kwa hekima yake.

Moja katika hayo linahitaji neno la ziada: “runs in the family”. Waandishi wa afya huandika “ugonjwa wa kurithi”. Ugonjwa unaweza kujirudia katika ukoo kwa sababu ya vinasaba, au kwa sababu watu wa nyumba moja wanakula chakula kimoja, wanavuta moshi wa jiko moja na wanaishi maisha ya aina moja. Kiingereza kimeacha nafasi kwa vyote viwili. “Unaojirudia katika ukoo” unaiacha nafasi hiyo, “wa kurithi” unaifunga, na mgonjwa anayeamini amerithi anaweza kukata tamaa ya kubadilisha chakula.

Tunaomba dawati lenu la habari za nje lifanye mambo mawili. La kwanza, kabla ya habari iliyotafsiriwa kwa programu kwenda kuchapwa, mtu atafute ndani yake maneno “kimbi” na “endesh” kwa kitufe cha kutafuta, ambacho kipo kwenye kila programu ya kuandikia. Kila yanapotokea aitazame sentensi ya asili. Habari ya maneno 600 haichukui zaidi ya dakika tatu kwa ukaguzi huo. La pili, habari za mahakama, za dawa na za uchaguzi zisichapwe kutoka Kiingereza bila kusomwa na mtu wa pili ambaye hakuitafsiri, kwa kuwa aliyetafsiri tayari anayo maana ya Kiingereza kichwani na hawezi kuiona sentensi yake kama atakavyoiona msomaji.

Kama orodha ya maneno haya itawafaa, tuko tayari kuiandaa kwa ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, na kuirekebisha kila mtakapotuletea mfano mpya.

Wenu katika lugha,
Wafasiri na walimu wa tafsiri,
Dar es Salaam